Sauti ya Babu Dirishani

MJOMBA: Haloo! Nani mwenzangu?

SINDANO: Haloo, Mjomba? Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba. Nani huyo? Namba yenyewe siijui. Sema haraka, niko mahali watu hawaongei.

SINDANO: Ni mimi, Sindano.

MJOMBA: Sindano? Sindano gani tena, mama?

SINDANO: Mpwa wako! Mtoto wa dada yako mkubwa. Watoto wa mitaa ninayopita wananiita hivyo tangu nianze kazi ya chanjo. Siku hizi hata Mama ananiita hivyo hivyo.

MJOMBA: Aaa! Kumbe ni wewe! Mbona sauti imekuwa nzito hivyo? Nilikuacha una kisauti kama cha kifaranga.

SINDANO: Ndio ukubwa, Mjomba.

MJOMBA: Hamjambo huko? Mama hajambo? Magoti yake je?

SINDANO: Hatujambo. Magoti yapo, yanalalamika. Mjomba, sina salio la kutosha, nilitaka—

MJOMBA: Basi kata, nikupigie mimi.

SINDANO: Usikate! Ukikata hunipati tena. Mtaa huu mtandao ni wa kubahatisha. Nimezunguka na simu juu kama mwehu mpaka nikaupata hapa, kwenye ngazi ya mlango wa watu. Nikisogea tu, umepotea.

MJOMBA: Mlango wa nani?

SINDANO: Nitakwambia.

MJOMBA: Haya. Ila ngoja nikuulize kwanza, kabla hujasema lako. Umeusikia?

SINDANO: Nini?

MJOMBA: Ujumbe wangu, bwana! Ule wa sauti, niliouweka kwenye grupu la ukoo. Naambiwa umetoka nje ya ukoo, unazunguka kwa watu wasionijua hata sura. Juzi mtu kanitumia, simjui hanijui, ananiuliza, "Mzee, umeusikia huu?" Ananitumia sauti yangu mwenyewe! (anacheka)

SINDANO: Nimeusikia.

MJOMBA: Eeh! Ukasemaje?

SINDANO: Ndio ulionifanya nikupigie.

MJOMBA: Sema basi. Mimi siogopi kukosolewa. Kama ni ile sehemu ya mapipa ya taka, najua niliirefusha.

SINDANO: Si mapipa.

MJOMBA: Maana watu hawaamini. Nikisema huku chupa zina pipa lake, karatasi zina lake, maganda yana lake, na ukikosea jirani hakwambii—

SINDANO: Mjomba.

MJOMBA: —hakwambii usoni, hakugongei, anakubandikia kikaratasi mlangoni kisha anakupita kwenye lifti kama—

SINDANO: Mjomba, si mapipa! Ni pale ulipozungumzia chanjo.

MJOMBA: Aa. Pale.

SINDANO: Pale.

MJOMBA: Pale nilipita tu.

SINDANO: Wewe ulipita, wenzio wamepiga kambi. Mapipa yote wameyakata, mabasi yanayofika kwa wakati wameyakata, wamebakiza pale tu. Nikukumbushe?

MJOMBA: Nakumbuka nilichosema.

SINDANO: "Ndugu zangu, mimi nimekaa ughaibuni mpaka nimestaafu, na sijawahi kuona mtu akigongewa mlango na watu wa kisanduku cha sindano. Athubutu mtu kunigongea mimi, naita polisi. Huku mwili wa mtu ni wake." Halafu ukacheka.

MJOMBA: Umeukariri.

SINDANO: Nimewekewa milangoni, Mjomba. Mlango baada ya mlango. Nafika, nasalimia, natua kisanduku, mama wa watu anatoa simu, ananiwekea. Ananitazama usoni mpaka iishe. Ikiisha anafunga mlango, tena kwa adabu.

MJOMBA: Lakini si uongo! Hebu niambie uongo uko wapi. Huku hawagongi. Nani akugongee? Huku jirani yako akifa unajua kwa harufu.

SINDANO: Hawagongi kwa sababu gani?

MJOMBA: Kwa sababu ndio utaratibu wa—

SINDANO: Kwa sababu gani, Mjomba?

(mtandao unakwaruza)

MJOMBA: Hapo hukusikika.

SINDANO: Nimesikika.

MJOMBA: Kwa sababu watu wanakwenda wenyewe.

SINDANO: Wanakwenda wapi?

MJOMBA: Kliniki. Mtoto bado mchanga, barua inaletwa, siku inapangwa, mama anambeba anampeleka. Akifika umri wa shule, wanamwuliza kadi yake. Lakini hilo nalo la kusema? Hilo si kila mtu analijua?

SINDANO: Nani huku analijua? Sisi tunajua ulichotwambia.

MJOMBA: Mimi nilikuwa nasifia. Nasifia utaratibu. Mtu aliyekaa nje hawezi kurudi kuwaambia watu mambo ni yale yale, watasema sasa ulikwenda kufanya nini.

SINDANO: Hujarudi, Mjomba.

MJOMBA: Nani?

SINDANO: Umesema mtu hawezi kurudi kuwaambia watu. Wewe hujarudi.

MJOMBA: Ni namna ya kusema.

(kwa mbali, sauti ya mwanamke inaita kitu kwa lugha nyingine)

SINDANO: Uko wapi? Nani huyo anaita?

MJOMBA: Nani? Aa, hapa... niko posta. Foleni ya posta.

SINDANO: Mbona kuna mtoto analia?

MJOMBA: Watoto si wapo kila mahali? Wanaletwa posta vilevile.

SINDANO: Mjomba, kilio hicho nakijua. Si cha njaa wala cha usingizi. Kilio hicho ndio mshahara wangu.

MJOMBA: (kimya)

SINDANO: Mjomba?

MJOMBA: Nipo.

SINDANO: Uko kliniki.

MJOMBA: Punguza sauti.

SINDANO: Nipunguze sauti mimi, huko nani anaelewa Kiswahili?

MJOMBA: Hata hivyo. (anashusha sauti) Ni ya mafua. Kabla baridi haijaanza, sisi wastaafu tunaitwa. Si kitu kikubwa. Unakunja shati, unachomwa, unakaa kwenye benchi kidogo waone kama hujaanguka, unakwenda zako.

SINDANO: Unakwenda kila mwaka?

MJOMBA: Nakwenda.

SINDANO: Na mwaka huu, baada ya kuweka ule ujumbe?

MJOMBA: Si ndio niko hapa! Unataka niseme mara ngapi?

(mtandao unakwaruza)

SINDANO: ...kwenye grupu, Shangazi mdogo alikuuliza waziwazi, "Kwa hiyo huko hamchanji watoto?" Ukajibu nini?

MJOMBA: Sikumbuki.

SINDANO: Ujumbe mzima umeukumbuka.

MJOMBA: Nilijibu... nilisema, mko watu wazima, amueni wenyewe.

SINDANO: Na vikatuni vya kucheka.

MJOMBA: Na vikatuni.

SINDANO: Hapo si palikuwa pa kusema tu, "Jamani, huku wanachanja"? Maneno matatu, Mjomba. Ungetumia hata nukta ya salio?

MJOMBA: We mtoto, usiniseme kama mtu aliyetaka ubaya. Ngoja nikwambie. Unajua kabla ya pale nilishawatumia picha ngapi? Niliwatumia mtaa wetu ukiwa na theluji, kimya. Nikawatumia lifti ya mwisho niliyoitengeneza kabla sijastaafu, ghorofa mpaka shingo inauma kuitazama, mimi nimesimama mlangoni na ovaroli yangu. Mtu mmoja kaweka kidole gumba. Mmoja! Tena nadhani alikosea.

SINDANO: Nilikuwa mimi.

MJOMBA: Eh?

SINDANO: Kidole gumba. Nilikuwa mimi, na sikukosea.

MJOMBA: Basi ule ujumbe nilipouweka, simu ilitetemeka mpaka ikaanguka mezani. "Mzee umesema!" "Mjomba wewe ni mwamba!" Watu ambao hata nikifiwa hawanipi pole. Jikoni kwangu mimi na birika tu, na simu inalia mfululizo kama nyumba yenye sherehe. Ningesema, "Jamani, subirini, huku wanachanja," ingenyamaza.

SINDANO: Kwa hiyo ukaiacha ilie.

MJOMBA: Nikaiacha ilie.

SINDANO: Na mimi nina langu. Jana, nyumba ya pale kona, wakaniwekea sauti yako. Mwenzangu wa kazi akasema, "Huyu mzee ni nani, mbona anatuharibia?" Nikasema simjui.

MJOMBA: Ulisema hivyo?

SINDANO: Nilisema. Mchana kweupe. Nimevaa kizibao cha kazi, nakana damu yangu.

MJOMBA: Ulifanya vizuri.

SINDANO: Sikufanya vizuri! Ningesema ni mjomba wangu, wangeniuliza, "Sasa mbona hujampigia?" Na kweli nilikuwa sijakupigia. Nilikuwa naogopa.

MJOMBA: Unaniogopa mimi?

SINDANO: Naogopa kukuona umekuwa mdogo.

MJOMBA: Haya. Umeniona.

SINDANO: Mjomba, sikiliza, barafu ya kupoza chanjo inayeyuka. Surua imeingia mtaa huu. Asubuhi wamembeba mtoto wa nyumba iliyopakana na hii, macho yamevimba, kakohoa mpaka sauti imekwisha. Baba yake alikuwa anakimbia pekupeku.

MJOMBA: Atapona?

SINDANO: Sijui. Wako naye hospitali.

MJOMBA: Na wazazi wake wao... walikuwa wame...

SINDANO: Usiniulize hilo.

MJOMBA: Waliusikia?

SINDANO: Mjomba, nimesema usiniulize.

(mtandao unakwaruza)

MJOMBA: Mwanangu. Uko kwenye mlango wa nani?

SINDANO: Wa mwanao.

MJOMBA: (kimya)

SINDANO: Haloo?

MJOMBA: Haiwezekani. Mwanangu simu yangu hapokei. Tangu mama yake azikwe nami nikaleta rambirambi kwa simu, hajapokea. Na nilipostaafu nikamwandikia, hakujibu. Leo amzuie mtoto kuchanjwa kwa maneno yangu mimi? Maneno yangu hayana uzito kwake hata wa unyoya.

SINDANO: Si yeye. Yeye yuko karakana, anachonga milango ya watu, mpaka jioni. Ni mkeo— jamani, ulimi! Ni mkweo.

MJOMBA: Mkwe wangu? Ananijuaje?

SINDANO: Anakujua kuliko sisi. Mama alimwingiza kwenye grupu la ukoo alipoolewa. Jumbe zako zote anazo. Mumewe akitoka, anamkalisha mtoto hapo sakafuni, anamwekea. "Haya, msikilize babu." Mapipa, mabasi, lifti, theluji, yote. Mjukuu wako ameanza kusema. Unajua anasema nini?

MJOMBA: Anasema nini?

SINDANO: "Pipa."

MJOMBA: (anacheka) Pipa! Hebu... pipa? (anacheka tena, kisha ananyamaza)

SINDANO: Mjomba?

MJOMBA: Nipo. Nilidhani huwa naongea peke yangu.

SINDANO: Leo nimefika, kafunga mlango na komeo. Hakunitukana hata kidogo. Anasema kupitia dirishani, "Wifi, nisamehe. Mume wangu hataki hata kusikia jina la baba yake, basi angalau mimi nimheshimu. Baba mkwe keshasema." Hivyo tu. Baba mkwe keshasema.

MJOMBA: Loh.

SINDANO: Kila ninachomwambia, ananijibu hilo.

MJOMBA: Mwambie mimi nimesema achanjwe.

SINDANO: Nimemwambia. Anasema kila mtu anaweza kusema baba mkwe kasema. Anataka asikie kwa kinywa chako.

MJOMBA: Basi nitamrekodia. Nikifika nyumbani nijipange, ninywe chai, nirekodi vizuri—

SINDANO: Barafu haikungoji unywe chai! Ikiyeyuka hii, dawa imeharibika, na kesho tunahamia mtaa mwingine. Mwenzangu yuko nyumba ya tatu, akimaliza ananipitia. Nimebakiwa na mlango huu mmoja.

MJOMBA: Si tuseme wewe uigize—

SINDANO: Niigize nini?

MJOMBA: Sijui! Sijui nasema nini. Hebu fikiria, mwanangu. Mwanamke ambaye sijamtia machoni. Katika ukoo mzima ndiye pekee anayenisikiliza mpaka mwisho. Na neno la kwanza la kumwambia kwa kinywa changu liwe, usinisikilize?

SINDANO: Ndilo hilo.

MJOMBA: Ataniona mpuuzi.

SINDANO: Atakuona.

MJOMBA: Hata hunifariji.

SINDANO: Nitakufariji siku nyingine. Niweke spika?

(kwa mbali, sauti ya mwanamke inaita tena kwa lugha nyingine)

MJOMBA: Wananiita mimi. Namba yangu hiyo.

SINDANO: Nenda, basi, mimi nita—

MJOMBA: Wacha ipite. Watanipanga nyuma. Weka spika.

SINDANO: Subiri. (mtandao unakwaruza) Wifi! Wifi, sogea dirishani. Ndiye huyu. Ndiye babu, yuko hewani... Mjomba, nimeilaza simu kwenye kizingiti cha dirisha, hapa hapa kando ya mlango. Anakusikia. Ongea.

MJOMBA: Naongea?

SINDANO: Ongea!

MJOMBA: (anakohoa) Mpendwa mkwe, na ndugu wasikilizaji wote popote mlipo. Salamu nyingi kutoka ughaibuni, ambako hali ya hewa kwa sasa si mbaya sana, ingawa upepo wa—

SINDANO: Mjomba! Si hotuba!

MJOMBA: Eh. Ndiyo. Samahani. Mwanangu. Mimi baba wa mumeo. Huku... huku wanachanja. Watoto wanachanjwa, wakubwa wanachanjwa, na mimi mwenyewe sasa hivi nimekaa kwenye benchi la kliniki nasubiri sindano yangu, na ndani nimevaa shati la mikono mifupi ili nisiwape tabu. Hawagongi milango kwa sababu watu wanakwenda wenyewe. Hiyo nusu ya pili sikuisema. Niliona mmenielewa vingine, nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanipongeza. Basi. Nilitaka nionekane mtu. Huku nilikotoka jasho mpaka nikazeeka, mimi ni mzee wa ghorofa ya nne anayekosea mapipa. Naona haya, mwanangu. Hapa hakuna anayejua lugha hii hata mmoja, na bado nimeinamisha uso. Mfungulie huyo mtoto wa dada yangu. Mchanjishe mjukuu wangu. Nakuomba.

(mtandao unakwaruza)

MJOMBA: Haloo? Amesikia?

SINDANO: Amesikia. Ngoja, anasema kitu... (mtandao unakwaruza) Anasema, huyu si wewe.

MJOMBA: Nini?

SINDANO: Anasema baba mkwe wake ana sauti ya mtu aliyeshiba. Anaongea hatafuti maneno, anacheka. Huyu anababaika. Anasema nimemwokota mzee wa watu huko mtaani nikamfundisha ya kusema.

MJOMBA: Mwambie ni mimi!

SINDANO: Anakusikia, mwambie mwenyewe.

MJOMBA: Ni mimi! Yule wa kwenye ujumbe... yule huwa najiandaa, mama. Nafuta, narekodi upya, nafuta. Ukisikia nacheka ujue ni mara ya tano. Huyu ndiye mimi. Sina mwingine.

SINDANO: Anatikisa kichwa.

MJOMBA: Mumeo yupo?

SINDANO: Nimekwambia yuko karakana.

MJOMBA: Basi sikiliza, mkwe. Mumeo, mkono wa kulia, karibu na bega, ana kovu.

SINDANO: Mjomba, la chanjo? Anasema hilo kila mtu analo, hata yeye analo.

MJOMBA: Lenu ni moja. La mumeo ni mawili. Mawili yameshikana, kama matundu ya kifungo. Sema kama nadanganya.

SINDANO: Mjomba... amenyamaza. Endelea, endelea.

MJOMBA: Mama yake alikuwa hoi kitandani, homa ya uzazi. Akaniambia, mpeleke wewe, ukimaliza ndipo uende kwenye usaili wako. Siku ile ndiyo nilikuwa nakwenda kufanyiwa usaili wa kazi ya huku. Nimevaa shati jeupe la kuazima. Nikambeba hivyo hivyo, kama mtu aliyebeba sahani ya moto. Nesi akasema, "Baba, mshike sawasawa." Sikumshika sawasawa. Nilikuwa namwachanisha na shati, asilichafue. Sindano ilipomgusa akaruka, ikateleza, nesi akarudia pembeni yake. Kisha akanikojolea. Nikaenda usaili nanuka mkojo wa mwanangu, na kazi nikapata.

SINDANO: Mjomba...

MJOMBA: Ni siku hiyo moja tu niliyowahi kumpeleka mahali. Sina nyingine ya kumpa. Ningekuwa nayo ningeitaja.

(kimya kirefu)

MJOMBA: Haloo? Wamekata?

SINDANO: Tupo. Mkweo anauliza... Wifi, sema tena? Anasema, mumewe huwa anamwambia lile kovu aling'atwa na mdudu.

MJOMBA: Hakuna mdudu. Ni mimi.

SINDANO: Analia.

MJOMBA: Mtoto?

SINDANO: Mama yake. Mtoto amening'inia dirishani, anataka kula simu. Shikilia hapo hapo... (mlio wa kuonya salio) Salio linaisha, Mjomba, hilo ndilo lililolia.

MJOMBA: Sikia, kabla haijakatika. Leo hii hii nitaweka ujumbe mwingine kwenye grupu. Nitasema yote.

SINDANO: Mfupi.

MJOMBA: Mfupi.

SINDANO: Usitie mapipa.

MJOMBA: Sitii. Watanicheka, eh?

SINDANO: Watakucheka mpaka wachoke. Na huenda wasiusambaze kama ule wa kwanza. Nitausambaza mimi, nitasema ni mjomba wangu.

MJOMBA: Utasema?

SINDANO: Nitaanzia na mwenzangu wa kazi. Ngoja... Mjomba, komeo! Anafungua!

MJOMBA: Anafungua?

SINDANO: Kafungua, kambeba mtoto kiunoni. Wifi, karibu, kaa hapo hapo kizingitini, usiogope, barafu bado ipo. Mkunjue mkono... Mjomba, nakata, kazi hii inataka mikono miwili.

MJOMBA: Usikate! Iache hapo dirishani, nisikie tu.

SINDANO: Utasikia akilia.

MJOMBA: Wacha nisikie. Na baba yake, jioni akirudi, mwambieni lile kovu—

SINDANO: Mwambie wewe.

MJOMBA: Hapokei.

SINDANO: Utapiga tena. (mlio wa kuonya salio) Haya, mtoto mzuri, tazama kule, tazama—

MJOMBA: Mkwe! Mkwe, mkumbatie! Mwegemeze kifuani kabisa, nguo ikichafuka ichafuke! Na usifumbe macho, mama, mimi nilifumba ma—

(simu imekatika)